Njia ya Ndege Kando ya Ziwa: Kiwanja cha Bukoba na Wasafiri wa Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zimo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mahali ambapo Mto Kagera, baada ya kuwa mpaka kati ya Tanzania na Rwanda, hugeuka kuelekea mashariki na kwa sehemu huwa mpaka wa Uganda, kabla ya kuteremka na kuingia Ziwa Viktoria. Hadi mwaka 2012 wilaya hizi mbili zilikuwa moja. Tangu hapo Karagwe imebaki na makao yake Kayanga, na Kyerwa ikaanza utawala wake. Katika sensa ya mwaka huo kila wilaya ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 300,000. Ni nchi ya migomba na kahawa, yenye safu za vilima virefu na mabonde ya kina, na iko mbali sana na mji mkuu wa biashara wa taifa: kutoka Dar es Salaam hadi mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria ni takriban kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara ni nyingi zaidi.

Mtu wa Karagwe au Kyerwa anayelazimika kusafiri kwa haraka, awe mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa au mwanafunzi aliyechelewa kufika chuoni, hutazama upande wa mashariki, Bukoba. Hupita Omurushaka, akateremka kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 60 hadi Kyaka, na kutoka hapo akaendelea hadi ufukweni mwa ziwa. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 100 humfikisha penye kiwanja kidogo cha ndege cha umma, ambacho njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu tu.

Kwa nini kiwanja hicho kiko ziwani na si milimani, karibu na watu hao? Kwa nini njia yake ni fupi, na ufupi huo una maana gani kwa ndege inayokuja kutua? Majibu ya maswali haya yamo ndani ya mafunzo ya fizikia na jiografia yanayosomeshwa katika shule zetu za sekondari.

Kabla ya ndege

Tatizo la kumtoa mtu Karagwe kwa haraka ni la zamani. Mwezi Novemba 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika ufalme wa Karagwe na kupokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Grant aliugua kidonda kibaya cha mguu. Speke alipoondoka mwezi Januari 1862 kuelekea Buganda, mwenzake hakuweza kutembea, akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa. Hatimaye, mwezi Aprili, aliondoka akiwa amebebwa kwa machela juu ya mabega ya wapagazi. Kwa mgonjwa wa siku zile hapakuwa na chombo kingine.

Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba kwenye ufuko wa ziwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo mazao na wasafiri wa magharibi ya ziwa walipitia majini, kwa meli, hadi penye reli. Uchumi wote wa nchi hii ulielekezwa ufukweni, na barabara za kutoka milimani ziliufuata uelekeo huohuo. Safari ya majini nayo ilikuwa na hatari zake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Msiba huo uliwafundisha wakazi wa Kagera kwamba chombo cha safari kina thamani ileile iliyo nayo huduma ya kuokoa inayosimama nyuma yake.

Usafiri wa ndege ulikuja kuongezwa juu ya mpangilio huo wa meli na barabara. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar hadi lilipovunjika mwaka 1977. Mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Miongoni mwa ndege zake za miaka ile zilikuwamo Fokker F27 na Twin Otter, ambazo huendeshwa kwa rafadha na ziliundwa mahsusi kwa njia fupi na viwanja vya kawaida. Bila ndege za aina hiyo miji mingi ya mikoani isingefikiwa kwa anga. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera mwaka 1979, baada ya vita vilivyoanza kwa uvamizi wa majeshi ya Idi Amin mwezi Oktoba 1978.

Leo kiwanja cha Bukoba kimo chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1999. Katika muongo wa 2010, kwa mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia, njia yake iliwekwa lami na jengo jipya la abiria likajengwa. Lami iliondoa matope na vumbi, lakini haikuweza kuliondoa ziwa lililo upande mmoja, wala vilima vinavyoinuka upesi nyuma ya mji.

Hewa iliyopungua uzito

Ndege haiinuliwi na injini moja kwa moja. Injini huisukuma mbele, na hewa inayopita juu na chini ya mabawa ndiyo inayoiinua. Nguvu hiyo ya kuinua hutegemea mambo manne: ukubwa wa bawa, umbo lake pamoja na pembe inayokabili hewa, densiti ya hewa, na mraba wa kasi ya ndege ndani ya hewa. Rubani hawezi kubadili ukubwa wa bawa kwa kiasi kikubwa, wala hawezi kuamuru densiti ya hewa. Densiti ikipungua, hana budi kuongeza kasi.

Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja cha Bukoba kiko karibu mita 1,140. Katika angahewa ya kawaida, yaani ile iliyokubaliwa na wanasayansi kuwa kipimo, kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013, nayo hupungua hadi hektopaskali 883 katika kimo cha Bukoba. Tukichukua siku yenye joto la sentigredi 25, densiti ya hewa ya hapo huwa kama kilo 1.03 kwa kila mita ya ujazo, ambapo densiti ya kawaida ya pwani ni kilo 1.225. Hiyo ni sehemu 84 katika kila 100. Juu ya kilima cha Karagwe chenye kimo cha mita 1,600, katika joto hilohilo, densiti hushuka hadi sehemu 80 katika 100.

Matokeo yake huonekana kwa hesabu fupi. Densiti ikiwa 0.84 ya ile ya kawaida, mraba wa kasi sharti uongezeke kwa kugawanya 1 kwa 0.84, yaani 1.19. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 1.09. Ndege inayoacha ardhi kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa pwani itahitaji takriban kilomita 196 kwa saa Bukoba. Na kwa kuwa umbali wa kusimama huongezeka kadiri ya mraba wa kasi, ndege inayotua itahitaji takriban asilimia 19 zaidi ya njia. Kuruka ni kugumu zaidi ya kutua, kwa sababu injini nazo hupata hewa pungufu na rafadha hukata hewa nyepesi.

Wahandisi wa viwanja hutumia kanuni nyepesi ya makadirio iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Chicago mwezi Desemba 1944. Kanuni hiyo ina sehemu tatu. Kwanza, urefu wa njia huongezwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za kimo. Pili, huongezwa asilimia 1 kwa kila sentigredi moja ambayo joto la mahali huzidi joto la kawaida la kimo hicho. Tatu, huongezwa asilimia 10 kwa kila asilimia 1 ya mteremko wa njia.

Tuchukue ndege inayohitaji njia ya mita 1,000 pwani katika hali ya kawaida. Kwa kimo cha Bukoba, mita 1,140 zikigawanywa kwa 300 ni 3.8, na mara 7 ni asilimia 26.6. Njia inakuwa mita 1,266. Joto la kawaida katika kimo hicho ni sentigredi 7.6, kwa sababu hewa ya kawaida huanza na sentigredi 15 pwani na hupoa kwa sentigredi 6.5 kila kilomita moja. Ikiwa adhuhuri ya Bukoba ina sentigredi 26, tofauti ni 18.4. Ongezeko la asilimia 18.4 juu ya mita 1,266 hutufikisha karibu mita 1,500.

Maana yake ni kwamba ndege ambayo pwani ingeridhika na kilomita moja huihitaji njia yote ya Bukoba. Ndege kubwa zaidi haina budi kupunguza mzigo, abiria au mafuta, au isifike kabisa. Hii ndiyo sababu ya kuonekana kwa ndege za rafadha katika kiwanja hiki, wakati ndege kubwa za jeti hutua Mwanza, ng'ambo ya ziwa, ambako njia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Kwa nini si milimani?

Tukihamisha hesabu hiyo hadi kilima cha Karagwe cha mita 1,600, kwa joto lilelile la sentigredi 26, kimo peke yake huongeza asilimia 37.3, na joto huongeza asilimia 21.4 juu ya hapo. Njia ya mita 1,000 ya pwani inakuwa karibu mita 1,670. Na kama ardhi ina mteremko wa asilimia 1 tu, ambao macho ya mtu hayautambui kwa urahisi, njia hufika mita 1,830 na zaidi.

Kuipata ardhi ya namna hiyo Karagwe au Kyerwa si jambo jepesi, na sababu yake iko ndani ya miamba. Miamba ya nchi hii ni ya mfumo ambao wanajiolojia wameupa jina la Karagwe-Ankole, na umri wake ni zaidi ya miaka milioni elfu moja. Ndani yake mna tabaka za kwatzaiti, jiwe gumu sana, zilizopishana na tabaka za mawe laini yatokanayo na matope ya kale. Nguvu za ardhi zilizikunja tabaka hizo, kisha mvua na mito ikala mawe laini na kuyaacha magumu yakisimama. Ndiyo maana vilima vyake ni vyembamba na virefu kama migongo ya ng'ombe waliolala sambamba, na mabonde yake mengi yana matope na mafunjo. Mfumo huo wa miamba ndio wenye madini ya bati yaliyochimbwa Kyerwa.

Mgongo wa kilima una ardhi kavu lakini hauna upana, na mara nyingi una mteremko. Bonde lina upana lakini lina maji, na ndege ipaayo kutoka bondeni hukabiliwa na kilima kabla haijapata kimo cha kutosha. Kiwanja huhitaji zaidi ya ukanda wa lami: huhitaji anga iliyo wazi mbele na nyuma yake, na huko kwenye vilima anga hiyo ni adimu. Ufuko wa ziwa huitoa bure kwa upande mmoja, kwa kuwa juu ya maji hakuna mlima wala mti. Hata mipango iliyotajwa kwa miaka mingi ya kujenga kiwanja kikubwa zaidi mkoani Kagera ilielekezwa Omukajunguti, wilayani Missenyi, katika nchi tambarare zaidi, si juu ya vilima vya Karagwe.

Hata hivyo haifai kusemwa kwamba vilima haviwezi kupokea ndege yoyote. Ndege ndogo inayohitaji mita 600 pwani itahitaji, kwa hesabu ileile, mita 1,000 katika kimo cha mita 1,600. Njia ya majani au ya changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, yenye mitaro ya kutoa maji pande zote mbili, yaweza kumtosha daktari au mgonjwa. Kwa msingi huo huduma ya madaktari warukao ilianzishwa Nairobi mwaka 1957, nayo imetumia viwanja vya majani kote Afrika Mashariki.

Upepo, mvua na namba za njia

Kila mwisho wa njia ya ndege huandikwa namba kubwa nyeupe. Bukoba namba hizo ni 13 na 31. Namba hizo hazihesabu njia, bali hutaja uelekeo: 13 ni nyuzi 130 za dira, yaani kusini-mashariki, na 31 ni nyuzi 310, yaani kaskazini-magharibi. Tofauti ya namba mbili za njia moja daima ni 18, kwa sababu pande mbili za mstari mmoja hutofautiana kwa nyuzi 180. Ndege inayokuja kutua kutoka ziwani huingia kwa namba 31.

Ndege hupenda kuruka na kutua ikiukabili upepo, kwa sababu kasi inayohesabiwa na bawa ni kasi ndani ya hewa. Upepo wa ubavuni ni adui, kwa kuwa huisukuma ndege nje ya njia. Tuseme upepo wa kilomita 30 kwa saa unavuma kwa pembe ya nyuzi 40 kutoka uelekeo wa njia. Sehemu yake ya ubavuni ni 30 mara saini ya nyuzi 40, yaani karibu kilomita 19 kwa saa. Kwa ndege ndogo zinazotumia njia zisizofika mita 1,200, hicho ndicho kiwango ambacho wapangaji wa viwanja huchukua kuwa mpaka. Kwa ndege za njia za mita 1,200 hadi 1,500 mpaka ni kilomita 24 kwa saa, na kwa kubwa zaidi ni 37. Uelekeo wa njia huchaguliwa ili mipaka hiyo isivukwe kwa asilimia 95 ya wakati.

Ziwa nalo lina tabia zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo ukageuka na kuvuma kutoka bara kwenda ziwani. Pepo hizo za usiku hutoka pande zote za ziwa, hukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na hewa yenye unyevu hulazimika kupanda. Hapo huzaliwa mawingu ya radi. Kwa kuwa pepo kuu za eneo hili hutoka mashariki na kusini-mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea pwani ya magharibi na kufika huko usiku wa manane na asubuhi. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kuliko zinyeshazo katika vilima vya Karagwe vilivyo mbali na ziwa, na mara nyingi hupata mvua hiyo saa zilezile ambazo ndege za asubuhi huwa njiani.

Vyombo vya kiwanja kidogo

Msafiri huona jengo la abiria, mizani ya mizigo na uwanja wa kuegesha ndege. Lakini vyombo vya lazima zaidi ni vile asivyovitazama. Cha kwanza ni mfuko wa upepo, kitambaa chenye umbo la pia kilichofungwa juu ya mlingoti, ambacho humwambia rubani kwa mtupo mmoja wa jicho upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Cha pili ni kituo cha hali ya hewa, chenye kipimajoto, kipimahewa na kipimo cha upepo. Bila namba ya kanieneo iliyopimwa kiwanjani, altimita ya ndege husoma kimo kisicho sahihi, maana chombo hicho si kingine ila kipimahewa kilichoandikwa mita au futi. Kosa la hektopaskali moja ni kosa la karibu mita 8 hadi 9.

Cha tatu ni redio, inayounganisha rubani na watu wa ardhini. Cha nne ni taa na mitambo ya kuongozea ndege penye mawingu. Viwanja vikubwa vina mitambo inayotuma mawimbi ya redio kumwongoza rubani hadi kizingiti cha njia. Viwanja vidogo vingi havina mitambo hiyo, na rubani hulazimika kuiona njia kwa macho kabla ya kuteremka. Cha tano ni uzio, unaozuia mifugo na wapita njia. Ndege wa angani hawazuiliwi na uzio: korongo mwenye uzito wa kilo 2 anapogongwa kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa hutoa nishati ya karibu jouli 4,800, sawa na jiwe la kilo 2 lililoachwa lianguke kutoka kimo cha mita 245.

Cha sita ni huduma ya zimamoto na uokoaji. Kanuni za kimataifa zinataka gari la zimamoto lifike mwisho wowote wa njia katika muda usiozidi dakika tatu. Tena zinataka kwamba kiwanja kilicho karibu na maji au matope, ambacho ndege zake hupita juu ya maeneo hayo zinaporuka au kutua, kiwe na vyombo na watu wa kuokolea waliotayarishwa kwa hatari hiyo. Kwa kiwanja chenye ziwa mlangoni, mashua, makoti ya kuokolea, kamba na wapiga mbizi ni sehemu ya kiwanja kama ilivyo lami.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022

Uzito wa kanuni hiyo ulidhihirika Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya rafadha aina ya ATR 42-500 ya shirika la Precision Air, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilikaribia Bukoba asubuhi katika mvua na mawingu mazito. Ilianguka ziwani kabla ya kufika njia namba 31. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Watu 24 waliokoka.

Waliowahi kufika walikuwa wavuvi waliokuwa karibu na mahali hapo, kwa mitumbwi yao. Mkia wa ndege ulikuwa bado juu ya maji, nao waliwapokea abiria waliotoka upande wa nyuma. Baadaye wananchi na askari waliivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Ripoti ya awali ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi huohuo, ilieleza mchango wa wavuvi hao na jinsi upungufu wa vifaa ulivyokwamisha kazi ya uokoaji. Siku iliyofuata jeneza baada ya jeneza liliwekwa katika uwanja wa michezo wa Kaitaba, na mkoa mzima ukaaga.

Si haki kuifanya ajali hiyo kuwa matokeo ya urefu wa njia, maana ndege haikuwa imeifikia njia. Lakini ni haki kuitazama kama somo juu ya vifaa. Kiwanja kilikuwa na lami na jengo jipya, vitu ambavyo kila abiria huviona na kuvipongeza. Wakati wa shida kilichohitajika kwanza kilikuwa mashua iliyo tayari na watu wanaojua kuzamia. Mitumbwi ya wavuvi ilifika kwa sababu riziki yao ilikuwa pale majini, wala si kwa sababu ilikuwa imepangwa kuwapo.

Kazi kwa shule

Shule ya sekondari ya Karagwe au Kyerwa yaweza kuanza uchunguzi wa kiwanja bila kuwa na ndege. Mfuko wa upepo hushonwa kwa kitambaa chepesi na kufungwa juu ya mlingoti mrefu, mbali na miti na majengo. Wanafunzi waandike uelekeo wa upepo saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, pamoja na joto la kivulini, kila siku kwa mwaka mmoja. Mwishoni wachore mchoro wa duara unaoonyesha upepo ulitoka upande gani na kwa siku ngapi. Kisha wachague, kwa ramani ya vilima vya jirani, ukanda wa ardhi wenye urefu wa mita 1,000, wapime mteremko wake kwa kamba na pima maji, na kukadiria ni ndege gani ingeweza kuutumia katika siku ya joto kuliko zote walizoziandika.

Hesabu hiyo ikikamilika, mwalimu aongeze swali moja la mwisho, ambalo halimo katika kanuni ya asilimia 7: ndege ikianguka nje ya ukanda huo, bondeni penye mafunjo au upande wa pili wa kilima, nani atakayefika kwanza, kwa njia gani, na baada ya dakika ngapi? Jibu lake nalo liandikwe katika daftari, chini ya orodha ya vifaa vya kiwanja.